Seng'enge, waya wa umeme au kamba ya kuhamisha: uzio upi utafaa malisho yako

Wafugaji wengi wanaotaka kuweka uzio huanza kwa kuuliza bei ya waya kwa mita. Swali hilo lina nafasi yake, ila likitangulia, huishia kuamua mambo mengine yote: ukubwa wa vitalu (vipande vya malisho), mahali pa maji, hata siku ambazo ng'ombe watakaa sehemu moja. Mtu ananunua waya, anazungushia shamba, kisha ndipo anaanza kuwaza atalishaje ndani yake. Nashauri uanzie upande wa pili, kwenye majani. Ukishajua majani yako yanahitaji kupumzika muda gani, nusu ya ubishi kuhusu uzio inakwisha, kwa sababu kila aina ya uzio unaipima kwa swali moja: je, itanisaidia kuwatoa wanyama kwa wakati na kuwazuia wasirudi mapema?

Majani yanataka nini

Mnyama akishakata jani, mmea hujiotesha upya kwa kutumia majani yaliyobaki na akiba iliyo kwenye mashina ya chini. Mvua ikiwapo, siku chache tu zinatosha kutoa chipukizi laini. Mnyama aliyeachwa hapo hapo atalifuata chipukizi hilo kabla ya kugusa majani makavu yaliyo pembeni yake, maana ndilo tamu. Akiling'ata tena, mmea unalazimika kuanza upya ukiwa hauna akiba. Ndiyo maana shamba linaloliwa mwaka mzima bila kugawanywa huwa na vipara kandokando ya mafungu ya nyasi ndefu ngumu, ingawa ng'ombe waliomo si wengi.

Mtafiti wa Marekani, Franklin Crider, alionyesha mwaka 1955 kinachotokea chini ya udongo. Alipoondoa asilimia 50 ya majani ya nyasi, mizizi karibu yote iliendelea kukua. Alipoondoa asilimia 80, mizizi yote ilisimama kwa siku 12. Hapo ndipo unapoona kwa nini wafugaji wazoefu husema "kula nusu, acha nusu". Nusu unayoiacha inalinda mizizi, na mizizi ndiyo itakayotafuta maji kiangazi kikifika.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya siku. Chukua siku ambazo majani yako yanahitaji kupumzika, gawa kwa siku ambazo wanyama watakaa katika kitalu kimoja, kisha ongeza kitalu kimoja wanachokaa sasa. Mapumziko ya siku 30 na makazi ya siku 3 yanakupa vitalu 11. Ukitaka wahame kila siku, ni vitalu 31. Majani yakikua polepole na kuhitaji siku 45, makazi ya siku 3 yanataka vitalu 16. Ukiwa na vitalu viwili au vitatu tu, kama ilivyo mashambani kwingi, ama wanyama wanakaa muda mrefu wakang'ata chipukizi, ama wanarudi kabla majani hayajapona.

Hesabu ya pili ni ya ukubwa. Kata majani kwenye mita moja ya mraba, katika sehemu kadhaa zinazowakilisha shamba, yaanike mpaka yakauke kabisa, kisha pima. Gramu unazopata kwa mita ya mraba, zidisha kwa 10, utapata kilo kwa hekta. Tuseme umepata gramu 240, yaani kilo 2,400 kwa hekta. Ukichukua nusu, una kilo 1,200 za kulisha. Ng'ombe wa kilo 450 au karibu na hapo hula takriban kilo 12 za majani makavu kwa siku. Ng'ombe 20 watakula kilo 240, sawa na hekta 0.2 kila siku. Kwa siku 3 wanahitaji hekta 0.6, na vitalu 11 vinafanya hekta 6.6.

Weka hesabu hiyo kwenye ardhi

Chukua shamba lenye urefu wa mita 330 na upana wa mita 200. Hizo ndizo hekta 6.6. Ligawe katika vipande 11, kila kimoja mita 30 kwa 200. Utahitaji mistari 10 ya ndani yenye mita 200 kila mmoja, jumla mita 2,000, mbali na uzio wa mpaka.

Ukigawa kwa seng'enge ya mistari minne, hizo mita 2,000 zinageuka mita 8,000 za waya. Nguzo zikikaa kila mita 3, utachimba mashimo yanayokaribia 670, bado kona na mageti. Ukigawa kwa waya wa umeme wa kudumu, waya mmoja kwa ng'ombe waliokomaa, unahitaji mita 2,000 za waya na nguzo 140 hivi zikikaa kila mita 15. Ukitumia kamba ya umeme ya kuhamisha, mistari mitatu inatosha: miwili inakizunguka kitalu kinacholiwa sasa, wa tatu unaisubiri kesho mbele yao. Hizo ni mita 600 za kamba na fito 60 hivi za kuchomeka kwa mguu.

Tofauti ni kubwa kiasi kwamba sioni sababu ya mtu kugawa ndani ya shamba kwa seng'enge. Mpaka wa nje ni suala jingine.

Seng'enge

Seng'enge ya miiba ilianza kuenea baada ya Joseph Glidden wa Illinois kupata hataza yake mwaka 1874, na mpaka leo ina sifa moja ambayo umeme hauna: haijali betri imekwisha au la. Ukiifunga vizuri juu ya nguzo imara, inasimama miaka mingi bila kuangaliwa kila siku. Kwenye mpaka unaopakana na barabara au mashamba ya mazao ya jirani, utulivu huo una thamani kubwa, kwa sababu ng'ombe akitoka usiku mmoja tu anaweza kuleta ajali au kesi.

Gharama yake nyingine ni ngozi. Miiba hukwaruza viwele, huchana ngozi ambayo ingeuzwa, na ndama anayejaribu kupenya huumia vibaya. Mbuzi, kwa upande wake, huisoma seng'enge haraka. Akishagundua nafasi ambayo kichwa kinapita, mwili utafuata. Na ikishafungwa, imefungwa. Ukigundua mwakani kwamba kitalu kilikuwa kikubwa mno, hutaing'oa.

Ikiwa tayari unayo seng'enge nzima kwenye mpaka, usiitupe. Iongezee nguvu kwa kuweka waya laini wa umeme upande wa ndani, ukiushikilia kwa mikono ya kuutenganisha na miiba. Viwango vya kimataifa vya mashine hizi, IEC 60335-2-76, vinataka waya huo ukae angalau milimita 150 kutoka kwenye seng'enge. Vinakataza kabisa kuiwekea seng'enge yenyewe umeme, na sababu iko wazi: mtu au mnyama akinaswa na miiba, ataendelea kupigwa bila kuweza kujinasua.

Waya wa umeme wa kudumu

Uzio wa kawaida humzuia mnyama kwa uimara wa nguzo na waya. Uzio wa umeme humzuia kwa kumbukumbu. Mnyama aliyeugusa kwa pua yenye unyevu mara moja au mbili hataki kuugusa tena, na hapo waya mmoja mwembamba unafanya kazi ya mistari minne. Sharti ni kwamba pigo la kwanza liwe kali na la kweli. Mnyama akiukuta waya umekufa siku ya kwanza, ameshajifunza kwamba hakuna kitu, na kumbadilisha mawazo ni kazi.

Kwa hiyo usiwaachie malishoni moja kwa moja. Waweke kwanza kwenye zizi imara lenye waya wa umeme ndani yake, siku moja mpaka mbili, wakiwa na maji na chakula. Wataunusa, wataruka, na watarudi nyuma. Zizi liwe imara kwa sababu wengine hurukia mbele badala ya kurudi nyuma, hasa kichwa kikiwa kimeshapita waya.

Kwa ng'ombe waliokomaa, waya mmoja kwenye urefu wa pua, sentimita 75 hadi 90, unatosha kugawa vitalu. Wakiwa na ndama, ongeza waya wa pili kwenye sentimita 45 hivi. Kondoo na mbuzi wanataka mistari mitatu hadi mitano, wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, kwa sababu wao hupita chini kabla ya kufikiria juu. Kondoo mwenye sufu nyingi hahisi vizuri, maana sufu inazuia umeme. Mzoeze akiwa amenyolewa, ukiweza.

Waya wenyewe uwe wa chuma kigumu kilichopakwa zinki, wenye kipenyo cha milimita 2.5. Huu husafirisha umeme vizuri kwa mbali, na ukikazwa kwenye kona imara hurudi mahali pake hata mnyama akiuegemea. Kona zikilegea, mstari mzima unalegea, kwa hiyo kama una fedha za nguzo nzuri chache tu, zipeleke kwenye kona.

Kamba ya kuhamisha

Hii ni kamba ya plastiki iliyofumwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma, ikikunjwa kwenye rili na kushikiliwa na fito za plastiki au faiba. Mtu mmoja hupanga mita 200 kwa muda mfupi akitembea. Kwangu, hiki ndicho kifaa kilichobadilisha malisho kuliko kingine chochote, kwa sababu kinamfuata mfugaji badala ya mfugaji kukifuata. Mvua ikikawia, unapunguza ukubwa wa kipande. Majani yakifurika, unawapa kikubwa au unaruka vipande viwili ukavikata vikawa nyasi kavu ya akiba.

Udhaifu wake uko ndani ya nyuzi. Kilomita moja ya waya wa milimita 2.5 ina ukinzani (kizuizi kwa umeme unaopita) wa omu 35 hivi. Kamba ya bei rahisi yenye nyuzi chache za chuma kisichoshika kutu inaweza kufika maelfu ya omu kwa kilomita hiyo hiyo. Ukiivuta kamba hiyo kutoka kwenye mashine mpaka mwisho wa shamba, mwisho kule hakuna kitu. Kamba yenye nyuzi za shaba zilizochanganywa humo ni bora mara nyingi zaidi. Hata hivyo, kazi ya kamba iwe mistari mifupi inayochota umeme kutoka kwenye waya wa kudumu uliozunguka shamba. Ukipanga hivyo, waya wa mpaka unakuwa njia kuu ya umeme na kamba zinakuwa matawi.

Jua na kukunjwa mara kwa mara huchosha kamba. Nyuzi za chuma hukatika ndani huku plastiki ikionekana nzima. Ukiona kamba inatoa cheche ndogo usiku au volti zinashuka ghafla baada ya sehemu fulani, kata kipande hicho na unganisha upya kwa kufunga nyuzi za chuma kwa nyuzi za chuma. Fundo la plastiki peke yake halipitishi kitu.

Nguvu ya uzio iko kwenye udongo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uzio mwingi wa umeme ulioshindwa haukushindwa kwenye waya.

Mashine inayotoa umeme, wengi huiita enajaiza, hukusanya umeme na kuuachia kwa pigo fupi mno mara moja hivi kila sekunde. Pigo lina volti nyingi, kati ya 5,000 na 9,000 kwenye uzio safi, ila hudumu sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Ufupi huo ndio unaomfanya mnyama aumie kidogo na kuondoka akiwa salama. Umeme hutoka kwenye mashine, hupita kwenye waya, humwingia mnyama, hushuka miguuni mwake, kisha husafiri kwenye udongo mpaka kwenye nondo za ethi (vyuma vinavyopigiliwa ardhini na kuunganishwa na mashine) na kurudi kwenye mashine. Mzunguko usipokamilika, hakuna pigo. Unaweza kuwa na mashine ya gharama kubwa na waya mpya, lakini ukiwa na nondo moja fupi kwenye udongo mkavu, ng'ombe ataegemea na kutafuna.

Anza na nondo zisizopungua tatu, za chuma kilichopakwa zinki, kila moja mita 1.8 hadi 2, zikiwa zimeachana mita 3, zote zikiunganishwa kwa waya mmoja na vibanio vya kukaza. Zipigilie mahali penye unyevu, hata kama ni mbali na mashine. Ziwe angalau mita 10 kutoka kwenye ethi ya umeme wa nyumba. Usitumie waya wa shaba kuunganisha nondo za zinki, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu huliana, na baada ya muda kiungo kinakuwa kutu tupu.

Kupima kama ethi inatosha ni rahisi. Zima mashine. Nenda mita 100 au zaidi kutoka kwenye nondo, egemeza vyuma kadhaa kwenye waya viguse ardhi, kisha washa. Endelea kuongeza vyuma mpaka volti za uzio zishuke chini ya 2,000. Sasa rudi kwenye nondo, chomeka chuma kidogo ardhini mita moja pembeni ya nondo ya mwisho, na upime volti kati ya nondo hiyo na chuma hicho. Ukisoma zaidi ya volti 300, ethi haitoshi. Ongeza nondo, pima tena.

Kiangazi kikali hukausha udongo wa juu mpaka unakataa kupitisha umeme, hata nondo ziwe nyingi. Hapo suluhisho ni kuweka waya wa pili usio na umeme sambamba na wenye umeme, na kuuunganisha na ethi. Mnyama akigusa zote mbili, mzunguko unakamilika bila kutegemea udongo. Kwa mbuzi na kondoo kwenye nchi kavu, mimi sioni njia nyingine inayoaminika.

Kuhusu ukubwa wa mashine, usisome kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Hizo huhesabiwa kwa waya mmoja safi usioguswa na jani hata moja. Soma jouli (kipimo cha nguvu ya pigo) zinazotoka, siyo jouli zinazohifadhiwa ndani, kwa maana watengenezaji wengine huandika namba kubwa ya pili ili ionekane. Jouli moja inayotoka kwa kila kilomita moja na nusu ya uzio ni mwanzo wa busara. Kama nyasi hugusa waya mara kwa mara, ongeza.

Umeme wa gridi unatoa nguvu ya uhakika kwa gharama ndogo ya kila siku, ila unakuhitaji uwe karibu na nyumba. Sola inafaa kwa shamba la mbali, mradi paneli ielekee jua la kutosha na betri iwe ya aina inayovumilia kuchajiwa na kutumika kila siku. Betri ya gari huchoka haraka kwa kazi hiyo. Mashine ndogo ya sola iliyo na kila kitu ndani ni nzuri kwa vitalu vichache vya kamba, lakini usiitegemee kwa mpaka mrefu wenye majani.

Na tafadhali, kamwe usiunganishe uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani, hata kwa "kupunguza" kwa balbu au transfoma ya mtaani. Umeme wa nyumba hauna mapigo mafupi. Unashika na hauachi. Watu wamekufa kwa njia hiyo, na mara nyingi anayekufa ni mtoto aliyepita tu. Mashine halali ya uzio ndiyo peke yake inayopaswa kuwasha waya. Waya wa kupitisha umeme chini ya geti uwe na kinga nene iliyotengenezwa kwa ajili ya uzio, kwa sababu waya wa kuweka taa nyumbani umetengenezwa kwa mamia ya volti, siyo maelfu. Weka vibao vya onyo mahali watu wanapopita, na usiunganishe mashine mbili kwenye uzio mmoja.

Mchungaji, ua wa miti na kola

Si kila malisho yanataka waya. Kwenye nyanda pana zinazotumiwa na watu wengi, mchungaji mwenye akili ni uzio unaotembea, na kwa kweli anajua zaidi kuliko waya: anamwona mgonjwa, anawaepusha na mimea ya sumu, anawapeleka kwenye maji. Anachokosa mara nyingi ni mpango. Mchungaji huyo huyo akipewa sehemu maalumu kwa siku maalumu, na sehemu nyingine zikapumzishwa kwa makubaliano, matokeo yanakaribia sana ya vitalu. Tena kwenye nyanda ambazo wanyamapori hupita, uzio huleta madhara. Afrika Kusini imethibitika kwamba kobe na kakakuona hufa kwenye nyaya za umeme zilizowekwa chini sana, kwa sababu kakakuona akipigwa hujiviringisha kwenye waya badala ya kukimbia.

Ua wa miti hufaa mpaka, hutoa kivuli, hupunguza upepo. Unataka miaka michache kabla haujawa mzito wa kuzuia kitu, na ndani ya muda huo unahitaji uzio mwingine wa kuulinda. Usiutegemee kugawa vitalu.

Kola za GPS ni mgeni. Mnyama anavaa kola shingoni, mpaka unachorwa kwenye simu, na akisogea mpakani kola hutoa mlio, kisha pigo dogo akiendelea. Norwei zilianza na mbuzi na zinatumika sasa kwa ng'ombe na kondoo pia. Zinafaa kwenye milima na misitu ambako nguzo haziingii. Hazifai kulinda barabara kuu, kwa sababu mnyama aliyetishwa na mbwa atapita mlio na pigo vyote viwili, na nyingi hutegemea mtandao wa simu.

Maji na minyoo

Vitalu 11 vikishachorwa, swali linalowashinda wengi linakuja: wote watakunywa wapi? Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 70, hata 100 siku ya joto. Kama maji yako mbali, kundi zima hutembea pamoja, hukanyaga, hukaa kwenye kivuli cha birika, na samadi yote huishia huko badala ya kwenye majani. Maji yakiwa ndani ya mita 200 hivi, ng'ombe huenda mmoja mmoja na kurudi kula. Kwa hiyo kabla ya kununua waya wa kugawa, chora bomba. Bomba moja katikati lenye viungio vya kuchomeka kila baada ya vitalu viwili, pamoja na birika nyepesi linalohama, linaokoa waya mwingi kuliko njia ndefu ya ng'ombe.

Kwa mbuzi na kondoo, mapumziko yana kazi nyingine. Mayai ya minyoo yanayoanguka na kinyesi huanguliwa na kuwa lava wanaoambukiza ndani ya siku chache panapokuwa na joto na unyevu. Wakikaa zaidi ya siku 4 hivi katika kitalu kimoja, wanaanza kula walichoangusha wenyewe. Lava wengi hukaa sentimita chache za chini za majani, kwa hiyo ile nusu unayoiacha inawakinga mbuzi na kondoo pia. Kuwafuatanisha ng'ombe nyuma ya mbuzi husaidia, maana minyoo mingi ya mbuzi haikai kwa ng'ombe wakubwa.

Ungechagua nini

Ukiwa na ng'ombe wachache wa maziwa kwenye eneo dogo lenye umeme karibu, nunua enajaiza ya gridi, zungusha mpaka kwa waya wa kudumu, na ugawe ndani kwa kamba kila siku. Mbuzi wengi kwenye kichaka kavu wanataka mistari mitano yenye waya wa ethi katikati, na mazoezi ya kweli kabla ya kuachiwa. Ukiwa unakodi ardhi na huna uhakika wa kukaa, weka fedha zote kwenye mashine ya sola, kamba na fito, vitu utakavyoondoka navyo. Mpaka unaogusa barabara au mahindi ya jirani, usibahatishe. Weka seng'enge au wavu imara, na waya wa umeme wa kuusaidia ndani.

Ukianza na vitalu, utagundua jambo ambalo shamba wazi halikuonyeshi. Siku majani yanapokua polepole, unaona vitalu vilivyobaki na unajua vina siku ngapi za chakula. Ukihesabu ukakuta siku 20 huku mvua ikiwa mbali kwa siku 60, unajua mapema kwamba lazima upunguze wanyama au ununue nyasi kavu wakati bado zipo. Uzio hauwezi kuongeza majani yasiyokuwepo, na ukiwalazimisha kuzunguka haraka kwenye majani yasiyopona, unaharibu vitalu vyote 11 kwa pamoja. Majani yakienda polepole, nenda polepole. Yakienda haraka, wahamishe haraka.

Kifaa kimoja kidogo ambacho ningekinunua hata kabla ya waya ni kipima volti cha uzio. Pima nacho kila asubuhi mwisho wa mstari, mbali na mashine. Volti 3,000 kwa ng'ombe na 4,000 kwa mbuzi na kondoo ndiyo chini kabisa. Zikishuka, tenga uzio na mashine na upime mashine peke yake. Kama iko sawa, gawa uzio katikati kwa swichi na uone upande upi unapoteza. Kisha tembea upande huo polepole ukisikiliza. Mahali umeme unaporuka kwenye insuleta (kishikizo cha waya kisichopitisha umeme) iliyopasuka au jani lililolowa, utasikia mlio mdogo wa "tak, tak" kila sekunde, na giza la alfajiri likiwapo bado utaiona cheche yenyewe.